Mmea wa Taita Kwenye Matope ya Tana

Mke wangu alipoingia Garsen mara ya kwanza alikuwa na mwavuli mweusi, kikapu cha nguo, na soksi ya mwanamume iliyojaa udongo. Watu wa kivukoni waliitazama soksi kuliko walivyomtazama yeye, na yeye alikuwa mzuri kiasi kwamba viboko walitoa vichwa majini kumwamkia. Ndani ya soksi mlikuwa na kipande cha mzizi, kimepinda kama kidole cha mzee. Alikuwa amekipakata njia nzima kutoka Taita, kwa garimoshi na kwa lori, akikinyunyizia maji kila tulipokunywa sisi.

Nilimwoa hukohuko Taita, nilikokwenda kukata mkonge. Miaka ile ya hamsini, kijana wa Tana aliyetaka shati la pili hakuwa na budi kuufuata mkonge ulipo. Nilirudi na mashati mawili na mke, nikapata kazi ya kuvuta kamba ya kivuko. Kivuko chetu hakikuwa na injini. Kamba nene ilifungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile, nasi wanaume tulisimama juu ya mbao, tukaishika, tukaivuta huku tukiimba, na lori zima lenye mizigo na abiria likavuka Tana kwa nguvu ya mabega yetu. Jioni nilikwenda ngumbaru, ile shule ya watu wazima, nikajifunza kusoma pamoja na wazee wenye wajukuu. Nilimaliza wa kwanza darasani, na sitasema tulikuwa wangapi.

Mzizi ule tulipewa na mama mkwe siku ya kuagana. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, kwa sababu mkwe na mama mkwe, kwetu sisi, hawatazamani uso kwa uso wala hawasemeshani moja kwa moja. Na yeye kwao alilelewa na heshima hiyohiyo, kwa hiyo tulielewana vizuri sana tangu mwanzo, bila neno. Lakini masikio hayana mlango. Nilimsikia akimwambia binti yake:

"Huu ni wa mama yangu. Upande mlangoni. Ukishika, nitajua nchi ile inakupokea. Ukikataa, nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Kwao mmea ule una jina ambalo ulimi wangu haukuliweza. Mimi niliuita Mndevu, kwa sababu mke wangu alinieleza kwamba maua yakipukutika, mbegu zake huota manyoya meupe kama ndevu za babu. Baadaye mwalimu wa ngumbaru alituonyesha picha yake katika kitabu kikuukuu cha maua, akasema Wazungu wanao ndugu zake na wanawaita klematisi, na kwamba huko kwao watu wazima wanashindania nani ana wa zambarau na nani ana wa waridi. Tulicheka. Lakini mimi nilicheka kidogo, maana wakati huo nilikuwa nimeshaona mambo.

Siku ya kuupanda, mke wangu alichimba shimo ambalo ningeweza kumzika ndani yake mbwa amesimama. Nikamwuliza kama anapanda mmea au anatafuta maji.

"Unapandwa chini sana," akasema. "Shingo iwe ndani ya udongo. Juu kukiharibika, chini kuna maisha."

Akaufukia, akapanga vigae vya chungu kuzunguka shina. Nikauliza vigae ni vya nini.

"Miguu yake inataka kivuli, kichwa kinataka jua."

"Kama sultani," nikasema.

"Kama mwanamke anayeuza sokoni," akasema.

Basi ukashika. Nimezaliwa kando ya mto, nimeona mimea inavyokua katika nchi yenye maji na jua, sishangazwi na mgomba. Lakini Mndevu ulinishangaza kwa namna unavyopanda. Hauna miiba ya kujikwamia wala nyuzi za kujifunga. Unashika kwa kikonyo cha jani. Jani linanyoosha shingo, linagusa kijiti, linajizungusha mara moja, basi, limekwisha kushika, na ukitaka kulibandua utalikata kwanza. Nilikuwa nikirudi kutoka kivukoni mikono inawaka kwa kamba, nakaa kwenye kigoda kuyatazama majani yale. Nasi tunalipwa kwa kushika kamba, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshika hivyo.

Ulianza ukutani Jumatatu, Ijumaa ukawa paani. Ukameza kamba ya kuanikia nguo. Niliegemeza baiskeli yangu ukutani nikaenda kula, nikarudi nikaikuta imeshikwa gurudumu, nami nikaenda kazini kwa miguu kwa kuona haya ya kugombana na jani. Mjomba wangu, aliyekuwa jirani yetu ua kwa ua, alisema kwamba akilala mchana mlango wazi atahakikisha kwanza mguu wake hauko karibu na ukuta wetu.

Ila maua hayakuwapo. Mwaka wa kwanza tukasema bado mchanga. Mwaka wa pili yakachanua machache, juu kabisa nyuma ya paa, ambako waliyaona kunguru peke yao. Huku chini mlangoni kulibaki mashina makavu yaliyosokotana kama kamba za kivuko zilizotupwa. Na mke wangu naye, nilimwona, alikuwa anapungua. Alikuwa mtu wa milimani, wa ukungu asubuhi na maji baridi, na hapa kwetu joto linaweza kuivisha yai likiwa bado ndani ya kuku. Hakulalamika. Alikaa mlangoni jioni akiyatazama mashina yale makavu, nami nikimwuliza anawaza nini, anasema, "Siwazi."

Sijui ni nani aliyepeleka habari Taita. Njia ina watu. Siku moja kabla ya mvua za vuli, nikiwa kivukoni, niliona ng'ambo ya pili mwavuli mweusi ukiteremka kutoka kwenye lori, na chini ya mwavuli mwendo ambao niliujua kwa sababu ni wa mke wangu, isipokuwa huu ulikuwa na miaka ishirini zaidi. Nikageuka hapohapo. Nilimvusha mama mkwe Tana nzima nikiwa nimempa mgongo, navuta kamba kinyumenyume, na wenzangu wakauacha wimbo wetu wa kila siku wakatunga mwingine papo hapo, kuhusu kaa aliyeoa.

"Vuta, kaa," wakaniambia. "Mkwe anakuona kisogo. Umekinyoa?"

Alifikia kwa mjomba, kwa maana mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Jioni akaja uani kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikichokoa mwiba mguuni. Akasimama mbele ya Mndevu kwa muda mrefu. Kisha akamwona kuku wetu mwekundu anaparapara karibu na vigae, akamsemesha yeye. Hiyo ndiyo njia yetu: jambo likilazimika kusemwa, anaambiwa mtu wa kati, na mtu asipokuwapo, hata kuku anafaa.

"Kuku," akasema, "mwambie mkwe wangu nimefika salama."

"Kuku," nikasema kutoka nyuma ya ukuta, "mwambie mgeni karibu sana, hapa ni kwake."

"Kuku, mwulize mkwe wangu huu mmea umefanywa nini."

"Kuku, mwambie haukufanywa kitu. Hapajapita kisu hapa."

"Ndiyo," akasema mama mkwe polepole. "Naona."

Asubuhi yake nilikuwa naoga nyuma ya nyumba nikasikia panga. Si panga la kuni. Panga la kuni lina pumzi. Hili lilikuwa linakata, linanyamaza kama linalochagua, linakata tena. Nilivaa nguo juu ya sabuni. Nilipochungulia pembeni mwa ukuta, mama mkwe alikuwa ameukata Mndevu wote, kutoka paani mpaka usawa wa goti. Miaka miwili ya kushika ilikuwa imelala uani, kichaka kikubwa kama lori la makaa, na ukuta wangu uko uchi. Mlangoni vilibaki visiki vichache, kila kimoja kimekatwa kwa mshazari juu kidogo ya mahali ambapo vijicho viwili vya kuchipua vinatazamana.

Nilitaka kusema neno. Nilitafuta kuku, kuku alikuwa amekimbia.

Nikaenda kwa mjomba. Yeye alikuwa mtu wa kufasiri mambo. Ungempa jiwe angekuambia linakusudia nini. Akasikiliza, akafunga macho.

"Mama wa mke amekuja bila kualikwa," akasema. "Amekata mti wa mlangoni bila kukuarifu. Mwanangu, hapo hajakata mti."

"Amekata nini?"

"Unajua alichokata. Unataka nikutajie ili unichukie."

Nilirudi nyumbani. Mke wangu alikuwa ametandaza nguo zake zote juani, zile nzuri, na anazikunja moja moja. Nikamwuliza anafanya nini.

"Mama amesema nizianike," akasema. Hakunitazama. "Amesema nimekonda."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi?" Akakunja leso, akaikunjua, akaikunja tena. "Sikujua kama naulizwa."

Jioni nilimkamata kuku, nikamfunga mguu kwenye nguzo ya ua ili pawe na kikao. Mama mkwe alipokuja nilikuwa tayari upande wangu wa ukuta.

"Kuku," nikasema, "mwulize mgeni kama ameukata mmea au ameikata ndoa yangu."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitarajia: mama mkwe alicheka, kicheko kifupi, cha puani.

"Kuku, mwambie mkwe wangu, hayo ni mambo mawili. Mmea nimeukata kwa sababu usipokatwa unasahau kuchanua. Unakimbilia juu, unakimbilia juu, nguvu zote anakula kunguru. Maua yake yanatoka kwenye tawi jipya. Asiyekata hapati jipya. Huo ni wa mama yangu, siwezi kuuacha katika hali ile hata kama ningeukuta kwa adui."

"Na la pili?"

"La pili, kuku, mwambie lori la Malindi likija Jumamosi nitaondoka na mwanangu. Mkwe wangu si mtu mbaya. Nchi yake ndiyo haikumpokea mwanangu. Nimeona mmea, nimemwona mtoto. Wote wawili wamekauka miguu."

Alipoondoka nikamfungua kuku mguu.

Jumamosi lori halikufika, kwa sababu Ijumaa mto ulikuja.

Nasema ulikuja, kwa maana Tana haufuriki kama maji ya beseni. Unakuja kama mgeni mwenye mizigo. Kwanza rangi yake ikageuka kuwa ya chai ya maziwa, kisha ikaanza kupita miti mizima imesimama wima na ndege wamo, hawajaambiwa. Tukafungua kivuko tukakiburuta juu. Kufikia jioni maji yalikuwa sokoni yakiuliza bei. Watu wote tulihamia mwinuko ulio nyuma ya soko, na mbuzi, na kuku, na vitanda vichwani, na tangu hapo hadi upeo wa macho hapakuwa na nchi, palikuwa na mbingu mbili, moja juu na moja chini. Sisi tuliozaliwa hapa tulishazoea. Tulikuwa tunataniana nani paa lake litaonekana mpaka mwisho. Mama mkwe alikaa chini ya mwavuli wake na mkono wa binti yake ameushika kama kwamba mto ungemwomba.

"Hivi ndivyo mnavyoishi?" akamwuliza, nami nilisikia.

"Hivi ndivyo wanavyoishi," mke wangu akajibu. Nilisikia na hilo, na lilinichoma, lile "wanavyoishi".

Maji yalikaa. Barabara ya Malindi ikawa ziwa, kisha ikawa uji, na lori halipiti ujini. Mama mkwe akawa mgeni wa mto, si wangu tena. Hata maji yalipoondoka na sisi tukateremka kwenda kutazama kilichobaki, yeye alikuja nyuma yetu kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Nyumba ilikuwa imesimama. Ukuta ulikuwa umeliwa kiunoni, lakini miti ya ndani ilishika. Ila ua haukuwa ule. Mto ulikuwa umeacha matope meusi, laini, yanayong'aa, kina chake kwangu magotini. Vigae havikuonekana. Visiki vya Mndevu havikuonekana. Mke wangu alisimama pale ambapo mlango unaanzia, akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Umekwisha."

Nilimtazama nikaona kwamba alikuwa hasemi juu ya mmea tu. Nikamgeukia mjomba anifasirie kwa namna nyingine, naye alikuwa ameshakwenda kutazama ukuta wake.

Basi hapo mama mkwe akavua viatu. Akaingia katika matope yale mpaka miguu ikazama, akainama, akachota kwa mikono miwili. Akaunusa udongo. Akaufinya, akaufungua, akautazama mikononi mwake kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wengine na hataki kumrudisha. Alitembea ua mzima hivyo. Akatoka akaingia shambani kwetu nyuma ya nyumba, na shamba la mjomba, na la jirani wa mjomba. Kote ni uleule, mweusi, mpaka kwenye miti ya mto.

Lazima mjue kwao. Huko milimani watu hulima kwenye miteremko, wanajenga ngazi za mawe kuuzuia udongo, na mvua ikinyesha unaponyoka ukateremka, na wanawake wanakwenda chini na vikapu kuupandisha tena mgongoni. Mama mkwe alikuwa ameupandisha udongo huo tangu utotoni. Mgongo wake ulikuwa umeinama kwa kazi hiyo.

Aliporudi, kuku alikuwa bado mwinukoni na mimi nilikuwa nimesimama hapohapo. Akatazama angani.

"Mbingu," akasema, "mwulizeni mkwe wangu, huu udongo wameuleta akina nani?"

"Mbingu," nikasema, "mwambieni umeletwa na mto."

"Kwa vikapu vya nani?"

"Hakuna vikapu. Unakuja wenyewe. Kila mto unapofurika unatuletea."

Akaufinya tena ule udongo. Kisha akasema, na sauti ilikuwa imebadilika kabisa, ya chini, kama ya mtu aliyeingia mahali pa ibada: "Maisha yangu yote nauona ukiteremka. Nikajiuliza unakwenda wapi. Kumbe unakuja huku."

Sasa, mimi nilikuwa mtu wa ngumbaru. Nilikuwa nimeonyeshwa ramani. Nilijua vizuri kwamba Tana unatoka upande wa Mlima Kenya na kwamba maji ya Taita yana njia yake nyingine. Lakini mkwe harekebishwi, na pia, nikimtazama pembeni ya jicho, sikuona kwamba ramani ilikuwa na la kusema pale.

Alikaa. Barabara ilikuwa bado haijakauka, hiyo ni kweli, lakini hata isingekuwa hivyo angekaa, maana hakuna mtu wa udongo anayeondoka udongo wa namna hiyo ungali na unyevu. Matope yakianza kupasuka kidogo, wanawake wetu huingia na vijiti, tundu, mbegu, kisigino, tundu, mbegu, kisigino. Walimfundisha mke wangu, naye akamfundisha mama yake, na jioni moja nikirudi nikasikia watu wawili wanacheka shambani mpaka wanapiga mapaja. Nilisimama njiani nikiogopa kusogea, wasije wakaacha. Yalichipua mahindi ambayo, ukilala karibu, yalikunyima usingizi kwa kelele za kukua.

Na asubuhi moja mke wangu aliniita mlangoni. Alinionyesha kwa kidole. Katika ule ukoko wa matope palikuwa na nyufa ndogo, na katika kila ufa ncha nyekundu, imefumba kama ngumi ya kichanga. Si moja. Zilikuwa zimezunguka mlango wote, hata mahali ambapo hapakuwa na kisiki. Nikapiga magoti. Mmea uliokatwa mpaka goti, ukafukiwa mpaka juu ya kichwa, ukazamishwa, ulikuwa huko chini unajigawa na kuwa mwingi.

Kufikia kiangazi Mndevu ulichanua. Nimejaribu kueleza jambo hili kwa miaka mingi, na watu wananijua, wananipunguzia nusu kabla sijafungua mdomo. Hapa sizidishi. Maua yalianza chini, usawa wa vigae vilivyozikwa, yakapanda mpaka paani bila kuacha nafasi, meupe yenye rangi ya maziwa ya kwanza, kila ua na nyuzi katikati zilizotetemeka hata pasipo upepo. Nyumba haikuonekana. Lilionekana wingu lenye mlango. Waorma waliokuwa wakipeleka ng'ombe mtoni walisimama, na ng'ombe nao wakasimama. Mjomba alikuja, akafungua mdomo afasiri, akaufunga, akaketi chini.

Mama mkwe alikuja akasimama chini ya mlango, akagusa ua moja kwa mgongo wa kidole. Hakumsemesha kuku wala mbingu. Nami nilikuwa nimegeuka, sikumwona uso.

Lori la kwanza lilifika wiki ile. Yeye akaaga kwa mjomba, na mke wangu akajitwika kikapu kichwani, nikawafuata mpaka kivukoni. Cha nani kile kikapu, cha mama au chake, sikujua, na sikuwa na wa kumwuliza. Nikashika kamba, nikageuza uso, nikavuta. Wenzangu hawakuimba wimbo wa kaa. Walimwona mke wangu amebeba kikapu, wakavuta kimya.

Ng'ambo nilibaki juu ya mbao, macho mtoni, kama heshima inavyotaka. Nyuma yangu nilisikia mizigo ikipandishwa. Nilisikia mama mkwe akisema kitu kwa lugha ya kwao, kirefu, na mke wangu akajibu neno moja. Injini ikakohoa. Mlango ukafungwa. Lori likaondoka, nami bado sikugeuka, kwa sababu kama mama mkwe alikuwa anatazama nyuma ningemvunjia heshima, na kama mke wangu alikuwa ndani sikutaka kuona. Nikaikamata kamba, tukaanza kurudi.

Nilivuta mikono kadhaa kabla ya kutambua kwamba kamba ni nyepesi kwangu. Kulikuwa na mtu nyuma anaivuta pamoja nami.

"Harakisha," mke wangu akasema. "Mahindi yetu yanataka kupaliliwa kabla jua halijawa kali."